Kudeka Kuliniokoa

Kama umenifuata kitambo, uliona nimepotea miezi 2. Wengine mkasema nimepata mpenzi. Hapana, nilikuwa nimelazwa. Leo nataka tuongee kuhusu hii tabia yetu ya kuambiana "wacha kudeka."

Ilianza na koo. Hata uji kuumeza ilikuwa kazi. Tezi za shingo zikafura, homa ikapanda, nikachoka hadi kuoga nikaona ni safari. Sikupimwa chochote, nilinunua tu dawa za malaria nikameza. Mabeshte wakasema nadeka, na mimi nikawaamini.

Wiki ya 3 homa ikaisha, nikajiambia nimepona. Jioni moja nimekaa tu nakata video. Sijaanguka, sijagongwa, sijabeba hata jagi la maji. Ghafla nikaskia kitu kimenidunga chini ya mbavu za kushoto. Baadaye bega la kushoto nalo likaanza kuuma. Nikadhani nililalia mkono vibaya. Nilipojaribu kusimama, nikaona giza.

Hapo ndipo nilimpigia dadangu. Manze, niliona haya. Saa nne usiku, kijana mzima wa miaka 22, nalia kwa simu: "Sista, njoo. Siskii poa." Hakuniuliza kama nadeka. Alisema tu, "Fungua mlango, nakuja."

Hospitalini, picha ya tumbo ilionyesha damu imejaa ndani. Wengu langu lilikuwa limepasuka lenyewe. Nilipasuliwa usiku huo huo, likatolewa.

Kumbe haikuwa malaria. Ilikuwa mononukliosisi, inayoletwa na kirusi cha Epstein-Barr. Kinaenea kwa mate, kwa hivyo ile chupa ya maji mnayopitishiana inatosha. Na usiniambie ni ugonjwa wa wazungu. Kirusi chenyewe kiligunduliwa London mwaka wa 1964, ndani ya uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda, hapa jirani. Wengi wetu tunakipata tukiwa watoto, bila hata kujua. Ukikipata ukiwa kijana ndipo kinaweza kukulaza.

Kirusi hiki hufurisha wengu, ngozi yake inakuwa laini. Kupasuka ni nadra sana, haifiki hata mgonjwa 1 kwa 100, lakini ikitokea, mara nyingi ni ndani ya wiki 3 au 4 za kwanza. Yaani wakati ule ule unajiona umepona. Ndiyo maana daktari hukataza mpira na kubeba vitu vizito hata kama homa imeisha. Na lile bega? Damu ikivuja inachokoza msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa huo msuli unatoka shingoni. Ubongo unachanganyikiwa, unadhani ni bega linauma.

Kwa hivyo, beshte yako akisema haskii poa, usimpime uanaume. Mpeleke hospitali. Na ukiwa wewe ndiye mgonjwa, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka.

Siku hizi naishi bila wengu. Nimedungwa chanjo kadhaa, na nikipata homa yoyote lazima niende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili wangu umepoteza askari mmoja. Nikiskia joto kidogo tu, nampigia dadangu na nadeka kwa nguvu zangu zote.