Kilio Kilichopata Nasaba

Sanaa ibadilikapo, wapenzi wake husema imepotea. Yamkini inatafuta njia ya kwao.

Mwaka 2020, katika baridi ya Dongobesh, kijana mmoja alimsikilizisha babu yake santuri ya Duma, kundi la Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wawili hao walitoka katika bendi za metali. Sasa gitaa lilizingirwa na ngoma za mashine, na ukelele ukaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati. Duma kwa Kiswahili ni mnyama. Wao walikusudia giza, kwa Kikuyu.

“Mjukuu wangu, huyu analilia nini?” mzee aliuliza. Kijana alikosa jibu, akaona haya.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept, akaitunuku kwa nyanya wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, aliyefariki mwaka 2023. Kijana alirudi na jibu. Mzee akanyamaza, kisha akasema, “Ipige tena.” Safari hii alisikiliza mpaka mwisho.