Kete Zisizolala

Ukitoka Karatu, lami hukuteremsha kwenye ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, na hapo inakuaga. Tulikata kushoto, tukazipita Selela na Engaruka, vumbi likiingia kila penye upenyo. Nilikuwa nimepakata boksi la kompyuta mpakato sita, nimelifunga kwa khanga mbili kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Dereva akauliza ni mzigo gani huo usioweza kukaa nyuma na magunia. Nikamwambia ni wachezaji wa bao. Akanitazama kwenye kioo, hakuuliza tena.

Sikuwa natania. Safari hii ya kwanza kijijini Engaresero ilikuwa ya kuendesha mashindano ambamo mwanafunzi haruhusiwi kugusa kete. Timu huandika programu, programu ndiyo hucheza, na walioiandika hukaa pembeni wakiitazama akili mnemba yao ikila au ikiliwa.

Mashine zimeshaonyesha ubabe kwenye michezo ya wengine. Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimfunga bingwa Garry Kasparov kwenye sataranji, na mwaka 2016 programu AlphaGo ikamfunga Lee Sedol wa Korea Kusini mechi nne kwa moja kwenye mchezo wa Go. Hata awari, ndugu yake bao kutoka Afrika Magharibi, ilimalizwa mwaka 2002: watafiti wawili wa Amsterdam walipitia hali zaidi ya bilioni 889 za mchezo huo, wakathibitisha kwamba wachezaji wasiokosea watatoka sare. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, bado halijapata wa kulimaliza. Mimi niliwabebea vijana bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna kunamua, yaani kuingiza kete moja moja. Kanuni zake nilizipiga chapa kwenye karatasi moja, 11 tu, nikaamini zimetosha.

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, ulitokea upande wa kushoto ukiwa peke yake, mwembamba juu, kilele kimepauka. Kijiji kiko chini yake, karibu na Ziwa Natron, kwenye joto linalokufanya uongee kwa ufupi. Watoto walinijia vichwa vimeinama wakisubiri niwaguse utosini, nikachelewa kuelewa, mwenyeji wangu akanong'ona, "Gusa, mwalimu, ndiyo salamu."

Jioni tulipelekwa kuona nyayo. Ni zaidi ya 400, za watu waliokanyaga tope la majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, tope likakauka na kuwa jiwe. Watafiti wamezisoma wakaona kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, wengi wao wanawake. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alichuchumaa, akapima hatua kwa kiganja, akasema, "Huyu alikuwa na haraka."

Kesho yake darasa likawa uwanja. Timu zilikuwa sita, ya saba niliiandika mimi nikaiita Bahati, kwa kuwa huchagua shimo kwa kubahatisha tu. Kila timu ilikutana na kila timu mara mbili, kila mmoja akianza mara moja, jumla michezo 42. Kuanza ni faida, na programu isiyobahatisha hucheza vilevile kila siku. Ukiirudisha mezani bila kubadili wa kuanza, utatazama mchezo uleule. Kila uamuzi ulipewa sekunde mbili, maana umeme wa sola hauna subira.

Bahati ilifunga timu mbili, darasa likacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Timu mojawapo ilikuwa imeifundisha programu yake kula kete nyingi iwezekanavyo kila zamu. Ikala kweli, ikasahau shimo lake nono lililokaa wazi, likaliwa lote. Timu nyingine iliangalia hatua nne mbele. Ukiwa na njia kumi kila zamu, hatua nne ni njia 10,000 za kupima, ndiyo maana ikawa inatumia sekunde zake zote mbili huku wenzao wakiishangilia kama ng'ombe anayevuka mto.

Mchezo wa 19 ukaganda. Ubao kwenye kioo haukusogea. Nililaumu vumbi, kisha joto, kisha betri. Yule msichana wa nyayo ndiye aliyesema, "Mwalimu, si inaandika kila kete inapoangukia? Tusome." Tukafungua kumbukumbu. Mashine haikuwa imeganda. Ilikuwa inagawa kete, inaokota, inagawa, inaokota, inazunguka duru ileile bila kukuta shimo tupu la kulala. Sekunde zangu mbili zilipima kufikiri. Muda wa kugawa sikuupima. Wala kwenye kanuni zangu 11 hapakuwa na neno juu ya zamu isiyokwisha. Mikono ya watu huchoka ikaacha. Mashine lazima iambiwe.

Mzee mmoja, babu wa mmoja wa vijana, alikuwa amekaa mlangoni na fimbo yake. Yeye hucheza enkeshui, bao la Wamasai. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida. Akasikiliza, akauliza, "Hao ng'ombe wanatembea, hawalali?" Nikasema hawalali. "Basi wamepotea. Ng'ombe asiyerudi kulala hahesabiwi."

Ubishi ukalipuka. Timu iliyokuwa inagawa ikalia kwamba ilikuwa inakula, iweje ishindwe? Wengine wakataka zamu hiyo ifutwe, ichaguliwe nyingine. Wengine wakauliza, kupotea huanza kete ya ngapi? Walibishana nusu saa kwa Kiswahili na Kimaasai. Nikajizuia kuamua, ingawa ndimi niliyekuja na karatasi.

Karatasi hiyo nimerudi nayo, imekunjwa mara nne, ina vumbi la njia nzima mpaka Mto wa Mbu. Kanuni 11 ni za chapa. Ya 12 imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Kete zisizolala zimepotea. Chini yake, kwa mwandiko mwingine: mwisho, kete 500.