Doli wa "Kenya" wa Shilingi 1,500: Kenya ya Wapi Hiyo?

Wacha nianze na bei, maana najua hapo ndipo wengi wenu huangalia kwanza. Dola 12, kama shilingi 1,500 hivi za kwetu. Rafiki yangu aliyekulia Kakuma na sasa anaishi Minnesota alimnunua kwa mtu anayeuza vitu vya zamani, akampa jamaa aliyekuwa anasafiri kuja huku, na jamaa akamfikisha Lodwar akiwa bado ndani ya boksi lake. Kona moja ya boksi imebonyea. Doli mwenyewe hajawahi kuchezewa hata siku moja.

Anaitwa Kenyan Barbie. Alitoka 1994, na kwa hesabu hiyo amenizidi umri, heshima kwake.

Kwa wale hamfuatilii mambo ya wanasesere (najua mko wengi, msinicheke), hadithi ni hivi. Barbie alianza kuuzwa 1959. Mwaka 1980 kampuni ya Mattel ikaanzisha mfululizo wa Dolls of the World, yaani wanasesere wa dunia, kila mmoja na nchi yake na mavazi yake. Nigeria walipata wao kabla yetu, Ghana wakapata 1996. Mpango ni kwamba wewe unayekusanya unaipanga dunia nzima kwenye rafu yako.

Mbona basi ni rahisi hivi? Miaka ya 90 watu kibao walinunua madoli wa aina hii wakawaweka kabatini bila kufungua, wakisema siku moja watapanda bei. Kila mtu akawa na akili hiyo hiyo. Leo walio ndani ya boksi bado wamejaa sokoni. Kwa hiyo mtu akikuambia huyu ni "adimu sana" na anataka elfu nane, mwambie akae naye.

Sasa kazi yenyewe. Kusema ukweli, kwa doli wa bei hii ametengenezwa poa. Nguo nyekundu, shuka begani, mapambo mapana shingoni ya kuiga shanga. Nywele wamemfanyia fupi kabisa, na hilo nimelipenda, maana Barbie wengi weusi wa zamani walipewa nywele ndefu za kuteleza ambazo sijawahi kuona kwa shangazi yangu yeyote. Shida ni mwili. Kiwiko hakikunji. Nyayo zimepinda kama za mtu aliyevuliwa viatu virefu sasa hivi. Nimejaribu kumsimamisha kwenye mchanga wa nyuma ya nyumba nimpige picha na jua la saa kumi na moja, akaanguka mara nne. Hizo nyayo hazikutengenezwa kwa Turkana.

Na hapo ndipo ninapotaka tuongee kidogo.

Doli huyu ameandikwa Kenya, lakini nguo zake ni za kuiga Wamaasai. Sina neno na Wamaasai, shanga zao ni kali, na nadhani wao wenyewe wangekuwa na mengi ya kusema kuhusu hizi za Mattel. Ila nchi ina makabila zaidi ya 40. Ukimwonyesha mtu wa Lamu, mtu wa Kisumu, au Msomali wa Garissa boksi hili umwambie "huyu ni wewe", atakuangalia tu. Sisi huku ndio kabisa. Si mnajua mtu akipanda basi la Kitale, wazee bado husema "ameenda Kenya"? Wanasema kama utani, lakini ni utani wa watu waliosubiri barabara miaka na miaka. Sasa fikiria boksi la rangi ya waridi kutoka Marekani linakuja kukuambia Kenya inafanana vipi, na wewe humo haumo.

Nilimwambia rafiki yangu hivyo kwenye simu. Akacheka, kisha akaniambia: "Wewe angalau unaweza kulalamika kwamba si Kenya yako. Mimi wangenifanya doli wa wapi?"

Nikanyamaza. Wazazi wake walitoka Sudan Kusini kabla haijaitwa Sudan Kusini. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, miaka miwili kabla doli huyu kutoka, na yeye alizaliwa humo. Anaongea Kiswahili kama mimi, Kiturkana anakisikia, na utotoni, kuja tu Lodwar kulihitaji ruhusa ya maandishi. Mwaka 2012 Mattel walifufua mfululizo huu, na wale wapya wakaja na mnyama wa kufuga na pasipoti ndogo. Watu walipiga kelele sana kuhusu yule wa Mexico, mwenye mbwa wake wa chihuahua na pasipoti. Rafiki yangu anajua hiyo stori yote. "Doli ana pasipoti," akasema. "Mimi nimekaa miaka 19 bila." Na bado ndiye aliyetoa dola zake 12 kuninunulia. Anakusanya pia, kwake ana kumi na moja.

Kwa hiyo Jumamosi nikaamua nilinganishe. Nikashuka Kerio, kule mto unakokaribia ziwa, mikoma imesimama kando ya njia na akina mama wanasuka vikapu kwa majani yake. Kuna nyanya mmoja anayetengeneza wanasesere kwa kokwa la mkoma, lile gumu linalobaki ukishaguguna tunda. Kokwa ndilo mwili. Linavalishwa kipande cha ngozi kama sketi, na shanga zinapandishwa hadi zinakaribia kidevu, vile mama zetu huvaa. Shilingi 200.

Madoli wa aina hii wamefika hadi ng'ambo, na huko wauzaji wa sanaa huwaandika "mwanasesere wa uzazi". Nikamuuliza, "Nyanya, eti huyu ni wa kuomba watoto?" Akanitazama. "Ni wa mtoto wa kike kuchezea. Anambeba, anampa jina, anamlaza." Kisha akaniuliza kama nimeoa, tukaachana na hiyo mada haraka.

Yaani hata wa kwetu akivuka bahari anabandikwa lebo ya kazi ambayo huyu anayemtengeneza hajampa.

Uamuzi wangu? Kenyan Barbie nampa 6 kwa 10. Ukimpata kwa 1,500 au chini na boksi halijalowa, nunua. Nywele zile pekee zinastahili, na ni kumbukumbu nzuri ya vile watu wa mbali walituona mwaka ule. Usimnunulie mtoto mdogo ukimwambia ndivyo Mkenya anavyofanana, utakuwa na maswali mwezi mzima. Mpwa wangu wa miaka sita tayari ameniuliza kwa nini huyu "hana shanga za kutosha".

Wa Kerio nampa 9. Nimempunguzia moja kwa sababu harufu ya ngozi haijaisha na paka ameshamvizia mara mbili. Nimeagiza mwingine wa kupeleka Minnesota. Ukienda kumtafuta, beba noti ndogo ndogo, maana Nyanya hana M-Pesa na chenji pia hana.