Mlio wa Gurudumu

Kiswahili si maskini wa maneno ya sauti. Upepo una mvumo, simba ana mngurumo, majani makavu yana mchakacho, mtu alalaye ana mkoromo, kitu kizito kiangukacho kina mshindo, na ukucha upitao juu ya ubao una mkwaruzo. Walakini mwenye gari afikapo kwa fundi utajiri huu wote huuacha mlangoni, akasema neno moja tu: "Linalia." Fundi naye humwuliza, "Linalia wapi?" Kwa maoni yangu swali hilo huja mapema mno. Chuma hupeleka sauti mbali. Mlio uzaliwao katika gurudumu la kulia hupita katika ekseli, ukapanda katika chasisi, ukatokea chini ya miguu ya abiria wa kushoto, naye akaapa kwamba adui yuko upande wake. Swali la kwanza lapasa kuwa "linaliaje?" na la pili "linalia lini?" Mahali hufuata baada ya hayo.

Gari ninalolisema ni Land Cruiser ya aina iitwayo 80, kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 1990. Mbele lina ekseli nzima, yaani boriti moja ya chuma itokayo gurudumu hata gurudumu, na juu yake springi za kuzunguka. Kwa umri wake ni zee, lakini nyumbani kwetu Lushoto ndilo miguu ya mama yangu, ambaye kila mwezi hana budi kushuka kwenda kliniki. Aijuaye njia ya kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa kupitia Soni hahitaji kuelezwa: ni kilometa 30 na ushei za kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Katika njia kama hiyo gurudumu la mbele si jambo la mzaha. Mvumo ulipoanza ulikuwa wa mbali, kama nyuki walio ndani ya mzinga, kisha ukaongezeka wiki baada ya wiki. Mama ndiye aliyeutaja kwanza. Yeye huketi kushoto, na alisema uko chini ya miguu yake.

Mafundi watatu walilitazama gari. Wa kwanza alisema ni jointi ya ekseli ya upande wa kulia, akaibadili. Wa pili alisema ni difu, na bei aliyoitaja ilitufukuza. Wa tatu alisema ni matairi, akayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, na mvumo haukuhama. Kila mmoja alikuwa na hakika, wala hakuna hata mmoja aliyepanda gari likaenda. Siwalaumu sana. Kazi yao hulipwa kwa kipuri kilichofungwa, si kwa saa ya kusikiliza, na sisi wateja humwona fundi asiyefungua kitu kuwa hakufanya kitu. Ndiyo maana gereji zetu zimejaa vipuri vizima vilivyotolewa bure. Dawa za mama zilikuwa zimesalia za siku 9, akauliza kama kliniki ya mwezi ule aiache ipite.

Wa nne alikuwa mzee aliyekwisha kuacha kazi ya karakana, mwenye kutengeneza gari moja moja chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keti kwanza. Usinionyeshe gari, niigizie."

Nikavuma, na watoto waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kama gari huvuma likienda polepole. Nikamjibu kwamba huanza lifikapo kilometa 50 kwa saa, na mwendo ukizidi nao huzidi. Akauliza kama nikitoa gia mvumo hukatika. Haukatiki. "Basi injini imepumzika nao waendelea," alisema, "ni kitu kizungukacho pamoja na gurudumu." Akauliza kama hubadilika lami laini ikiisha na mahali pa kokoto pakianza. Haubadiliki. Hapo tairi likakaribia kuachiwa huru, maana tairi lililolika vibaya huvuma sawasawa na beringi mbovu, ila sauti yake hugeuka kwa kugeuka kwa njia.

Katika saa ile nilipata elimu ambayo sikuiona kitabuni. Jointi mbovu ya ekseli haivumi. Hualika, ta-ta-ta, usukani ukikatwa hata mwisho na injini ikivuta. Ndani yake mna gololi 6 zikimbiazo katika mifereji, na mifereji ikilika gololi huruka. Fundi wa kwanza, basi, alitibu ugonjwa ambao dalili yake haikuwapo. Bushi zilizokufa hugonga, ngo, ngo, gari lipitapo juu ya vishimo vidogo kwa mwendo mdogo. Na mgongo ukija unapokanyaga breki au unapoondoka, tazama bushi za mikono ishikayo ekseli isiende mbele na nyuma. Iko na fimbo ya kukingama, ambayo kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kushoto na kulia. Hiyo hujitangaza gari likiwa limesimama: mmoja atikise usukani huku na huku, wa pili aweke kiganja juu ya bushi yake. Kiganja huona kabla ya jicho. Breki nazo hukwaruza au hupiga mluzi, na pengine si kitu zaidi ya jiwe dogo lililonaswa kati ya diski na bati lake.

Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka Leopold Auenbrugger, tabibu wa Austria, aliyechapisha mwaka 1761 kitabu juu ya kugonga kifua cha mgonjwa ili kujua kilichomo. Husimuliwa kwamba fikira hiyo aliitoa nyumbani, kwa kuwa baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mapipa ya mvinyo hugongwa ili kujua kilichosalia. Mwaka 1816 Laennec wa Paris alikunja karatasi ikawa mwanzi, akaiweka kati ya sikio lake na kifua cha mgonjwa, na chombo cha daktari kikazaliwa. Mzee alikuwa na bisibisi ndefu: ncha huigusisha chuma, mpini sikioni. Kati yake na hao mabwana sioni tofauti kubwa, ila ya mshahara.

Tukapanda gari. Kwenye njia nyoofu, pasipo mtu, alinitaka niliyumbishe taratibu kushoto, kisha kulia. Gari likielekea kushoto uzito hulalia magurudumu ya kulia, na hapo mvumo ulikua. Likielekea kulia ukafifia karibu ya kutoweka. "Gurudumu la kulia," alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza juu ya mahali.

Gari likainuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo. Alilishika tairi juu na chini akalitikisa: lilicheza. Akalishika ubavu kwa ubavu: lilicheza vile vile. Lingalicheza kwa ubavu tu, tungalishitaki ncha za fimbo za usukani. Kisha aliniambia nikanyage breki, akatikisa tena. Maana yake ni hii: breki ikishika, kitovu cha gurudumu na kifundo kinachokibeba hufungwa vikawa kitu kimoja, na beringi za kitovu hazina nafasi ya kucheza, kucheza kukibaki, lawama ni ya beringi ndogo za kifundo. Hakukubaki kitu. Mwisho alilizungusha gurudumu kwa mkono, kiganja changu kikiwa juu ya springi, nami nikahisi mchanga ukisagwa humo.

Nati ya kitovu yataka soketi ya milimita 54. Ya kwetu ilikuwa na makovu ya patasi. Aliyebadili jointi aliifungua na kuifunga kwa nyundo na kwa kukisia. Nyuma yake grisi ilikuwa uji mweusi. Sili ya ekseli ilirudishwa ile ile kuukuu, mafuta ya difu yakapita, yakaiyeyusha grisi. Beringi zenyewe ni za roli zilizochongoka kidogo upande mmoja, namna aliyopatia hataza Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Marekani, mwaka 1898. Uzuri wake ni kuvumilia uzito utokao juu pamoja na msukumo wa ubavuni, ambao ndio uzito wa kona. Njia ya roli ilikuwa imejaa vidonda kama uso uliopata ndui. Mzee aliigeuza mara mbili mkononi, akauliza mama ana umri gani.

Beringi mpya zilipatikana siku ile ile, lakini alikataa kuzifunga kabla ya sili mpya. Tulingoja siku 2 mpaka ikaja kutoka Tanga. Alipofunga alikaza nati huku akikizungusha kitovu, akailegeza, akaikaza tena kidogo, kisha akatundika mizani ya springi, kama ile ya kupimia samaki, kwenye boliti ya gurudumu, akavuta na kusoma. Alirudia mara tatu. Bei yake haikufika nusu ya aliyotoza wa kwanza.

Siku ya nane tulishuka. Mama aliketi kushoto mahali pake, na kabla ya Soni alikuwa amesinzia. Kwenye vishimo vya karibu na Mombo pangali na mgongo mdogo, ngo, ngo. Ni bushi ya fimbo ya kukingama, na mzee ameiandika katika hesabu ya mwezi ujao.