Jirani Mdogo wa Kando ya Ziwa

Ukisafiri hadi Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, utaona nyumba nyingi zimejengwa karibu na maji ya Ziwa Viktoria, zikitazamana na kisiwa cha Rusinga. Giza likiingia, mbu nao huingia. Sisi tuuguzi homa ya malaria tunaijua vizuri, na ndiyo maana tunapenda kuwajulisha jirani mmoja wa huko.

Ni buibui mdogo, urefu wake kama milimita 5. Hategi kwa utando, bali huwinda kwa macho makali, kisha huruka. Wataalamu walimpa jina la Evarcha culicivora mwaka 2003. Anajulikana kandokando ya Ziwa Viktoria tu, upande wa Kenya na wa Uganda. Mtafute kwenye mashina ya miti na kuta za nje na za ndani, hasa za nyumba zinazokaliwa na watu. Akipumzika, hujificha katika nyasi karibu na ardhi.

Kwa nini apende makao yetu? Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba chakula anachokichagua ni mbu aliyeshiba damu. Yeye mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi yetu. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa! Watoto wake humtambua mbu wa malaria, anayetua akiwa ameinua kitako. Huzunguka nyuma yake, wakamshika kutoka chini ya tumbo.

Basi, mama, tuelewane. Mbu aliyeshiba damu amekwisha kumuuma mtu au mnyama. Mbu huyo akinyonya vimelea vya malaria, huchukua siku 10 hivi au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Buibui akimla mapema, huenda akamwokoa jirani. Lakini mtoto aliyeumwa usiku huo na mbu mwenye vimelea hakuokolewa.

Kwa hiyo, unapofagia, usimwue bure mrukaji huyo wa ukutani. Lakini chandarua kishushwe kila usiku, kikiwa kimechomekwa vizuri chini ya godoro, na mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo akapimwe. Mwenyezi Mungu ametupa wasaidizi wadogo, naye ametupa pia mikono ya kufanyia kazi yetu.