Kivuli Hakina Hati

Wahenga walinena kwamba kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Methali hii aghalabu hutumiwa kumlaumu mtu ambaye wema wake huwafikia wageni ilhali jamaa zake wanaungua na jua. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kununua nyumba katika mitaa mikongwe ya Nairobi yenye miti mingi, kama vile Kileleshwa, Lavington au Loresho, atakiri kuwa methali hiyo ina upande wa pili usio na lawama: kivuli humfikia hata asiyeupanda mti, na mwenye mti hawezi kukizuia mpakani.

Mume mmoja mfanyakazi wa benki na mkewe, mwalimu wa shule ya upili, walijifunza jambo hili kuanzia mwaka 2018. Kwa miaka tisa walikuwa wamepanga fleti huko Embakasi, ambako mmea wao wa pekee ulikuwa sukumawiki iliyooteshwa ndani ya mkebe kwenye roshani. Hatimaye walipata nyumba Kileleshwa, moja kati ya nyumba sita zilizozunguka ua mmoja. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, na barabara ilikuwa imetandikwa maua ya zambarau ya mijakaranda. Ng'ambo ya ukuta, katika kiwanja cha jirani, ilisimama miti mirefu iliyokifunika kibaraza chote. Mke aliipenda nyumba hata kabla mlango haujafunguliwa.

Wawili hawa hawakuwa wapumbavu. Wakili wao alifanya upekuzi katika sajili ya ardhi ili kuhakikisha kwamba muuzaji ndiye mmiliki na kwamba nyumba haikuwekwa rehani. Mpima ardhi aliyatafuta mawe ya mipaka. Waliuliza ukodishaji wa ardhi ulikuwa umebakiza miaka mingapi, wakadai idhini ya mke wa muuzaji, wakalipa amana ya asilimia 10, kisha wakatenga ushuru wa stempu ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kila kitu kilichoweza kuandikwa kiliandikwa.

Kabla ya kutia saini, mke alimwalika babake. Mzee huyo aliufahamu mtaa ule kuliko wakili na mpima ardhi, kwa kuwa alikuwa mtunza bustani huko tangu mwaka 1974 hadi mwaka 1996. Hakuomba kuonyeshwa vyumba. Alizunguka nyumba polepole, akapiga magoti penye shimo la majitaka, akatazama kama mizizi imepenya. Aliuchunguza ufa mmoja ukutani, akatikisa kichwa kuashiria kwamba haukuwa na madhara. Kisha akainua macho.

"Miti hii ni ya nani?"

"Ya jirani, Baba."

"Basi, mwanangu, nusu ya bei mliyotajiwa ni ya kivuli cha mtu mwingine. Someni hati yenu. Kivuli hakimo."

Maneno ya mzee yalikuwa na kina kirefu. Kivuli cha mitaa ile kina historia yake. Baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, utawala wa kikoloni uligawa makazi kwa kufuata rangi ya ngozi. Wazungu walijitwalia nyanda za juu za magharibi na kaskazini. Waasia wakatengewa sehemu zao. Mwafrika akaelekezwa mashariki, Pumwani na Kaloleni. Mjakaranda wenyewe ni mgeni aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini. Mwafrika aliingia Kileleshwa kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi, yaya au mtunza bustani. Mkono ulioimwagilia miti maji haukuwa na haki ya kupumzika chini yake. Je, binti anaponunua nyumba pale babake alipofagia majani, si haki kwamba angalau kivuli kiwe chake?

Walinunua. Mnamo mwaka 2020 jirani naye aliuza. Mnunuzi mpya alikusudia kujenga fleti, na tangazo lake, kwa kinaya kisichohitaji kufafanuliwa, liliusifia mtaa kwa uzuri wa miti yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya ujenzi wa aina hiyo, nayo Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Majirani waliandika barua. Walizungumzia maji, majitaka na msongamano wa magari, mambo ambayo hupimika. Kivuli hawakupata namna ya kukidai. Miti mitatu ya kando ya barabara ilinusurika. Mingine ilikatwa kwa muda wa siku nne. Siku ya tano kibaraza kiliwaka jua tangu asubuhi.

Yamkini msomaji atasema kwamba walipunjwa. La hasha! Wala wenye fleti si maadui, kwa maana nao ni watu waliochoshwa na Embakasi zao. Kosa ni la hesabu inayokihesabu kiwanja na kuusahau mti, ikadhani kwamba mtu aweza kununua utulivu wa mtaa mzima kwa kulipia pembe yake moja. Kila anayevutwa na kivuli hukipunguza, iwapo haji na mche mkononi.

Mzee alipoitwa tena, alileta mche wa muringa. Mkwewe alitaka upandwe karibu na kibaraza. Mzee alikataa, akahesabu hatua kumi kutoka msingi wa nyumba hadi ukuta wa mashariki. Mkwewe alimkumbusha kwa heshima kwamba hapo jua la alasiri lingekisukuma kivuli hadi uani mwa fleti, kwa watoto wa watu wasiowajua.

"Najua," mzee alijibu, akaendelea kuchimba. "Nanyi mlikaa chini ya miti ya nani?"