SSD ya chumba cha michezo: mabishano yangu na mdogo wangu

Kwa wiki tatu mimi na mdogo wangu tumebishana juu ya kitu chenye urefu wa sentimita nane. Yeye ana chumba cha michezo hapa Katuba, Lubumbashi: televisheni mbili, konsoli mbili zilizozeeka, benchi la mbao, na vijana wanaolipa franka 500 kwa mechi moja. Mwaka huu aliamua kujenga ordinateri yake mwenyewe, kipande kwa kipande, ili vijana wacheze EA Sports FC na GTA V, na mimi niitumie asubuhi kukata video za habari ninazowaletea. Mfuko wetu ulikuwa dola 600. Mimi nilitoa 200, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kusema.

Vipande vingine havikuleta maneno. Prosesa tulichagua Ryzen 5 5600G, kwa sababu inatoa picha yenyewe, na kadi ya picha tutainunua baadaye Mungu akijalia. Ubao mama ni wa B550, RAM ni GB 16. Vita ilianzia kwenye diski. Mdogo wangu alikuwa ameona kwenye simu SSD iliyoandikwa MB 7,000 kwa sekunde, na namba ile ikamwingia kichwani.

"Yaya, hii njo yenyewe," akaniambia. "Batu bakiona mchezo unafunguka vile, kila siku batarudi."

Simlaumu. Diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, inasoma kama MB 150 au 200 kwa sekunde. SSD ya kebo ya SATA inafika karibu 550. Zile zinazofanana na kijiti cha ubani, zinazoingia kwenye tundu la M.2 na kuitwa NVMe, zinaanzia hapo na kupanda: 3,500 kwa PCIe 3.0, zaidi ya 7,000 kwa PCIe 4.0. Ukisoma namba hizo tu, utaona ya mwisho inaishinda ya SATA mara kumi na zaidi. Lakini kaa mbele ya mchezo wenyewe. Kutoka diski ya sahani kwenda SSD yoyote, hapo utashangaa, maana ulikuwa unangoja dakika na sasa unangoja sekunde. Kutoka NVMe ya 3,500 kwenda ya 7,000, katika michezo mingi wateja wa mdogo wangu hawataona kitu. Na mechi ikishaanza, diski haiongezi wepesi wa picha; hiyo ni kazi ya prosesa na kadi ya picha.

Kulikuwa pia na mtego ambao hata mimi nusura nianguke. Boksi la ubao wa B550 limeandikwa PCIe 4.0, na ni kweli. Lakini 5600G yenyewe inaishia PCIe 3.0, na tundu la kwanza la M.2 linapata njia zake kutoka kwenye prosesa. Ukiweka pale diski ya 7,000 itatembea kwa nusu ya mbio zake, na dola ulizoongeza zimekwenda bure. Nilipomwonyesha hayo kwenye ukurasa wa mtengenezaji alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akarudi na neno lingine: basi tuchukue ya TB 2 aliyoiona kwa muuzaji wa barabarani, dola 30.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na baadaye nikajuta namna nilivyosema.

Yeye anajua kwa nini. Miaka miwili iliyopita nilinunua barabarani kitu kama hicho, SSD ya nje ya USB, imeandikwa TB 2, dola 25. Ordinateri iliionyesha kuwa TB 2 kweli. Nikahamishia humo kazi zangu, na pamoja nazo saa nne za sauti ya baba yetu, mstaafu wa Gécamines, akieleza alivyoingia mgodini akiwa kijana, na majina ya wote waliofanya naye zamu. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikafuta zilizokuwa ndani yake. Baba alipofariki tukataka kuisikiliza kwenye kilio. Majina ya faili yapo yote, lakini hakuna hata moja lililofunguka. Nilipovunja kile kiboksi nilikuta kadi ndogo ya simu imegandishwa kwenye kipande cha plastiki. Kadi kama hizo zinadanganywa ziseme ukubwa zisio nao. Ukipita kipimo chake halisi, kinachofuata kinaandikwa juu ya hewa, na hakuna onyo.

Baada ya hapo tulizungumza vizuri. Tulitafuta TB 1, kwani EA Sports FC 25 peke yake inadai GB 100, na GTA V inazidi hapo, kwa hiyo diski ya GB 500 ingejaa kabla ya Noeli. Tukatafuta yenye seli za TLC, si QLC. QLC ni rahisi na kwa kufungua michezo inatosha, lakini ukiipa video nzito mfululizo, sehemu yake ya mbio inajaa na uandishi unashuka karibu na diski ya sahani. Tukaishia WD Black SN770. Haina DRAM yake, inaazima kidogo RAM ya ordinateri, na kwetu hilo si neno. Mtengenezaji anaihesabia kuandikwa TB 600: hata tukiandika GB 100 kila siku, ni miaka 16. Binamu yetu aliileta kutoka Dubai kwa dola 70, na risiti.

Kuranti nayo tuliifikiria. Diski za seva kubwa zina kapasita zinazoshika umeme kidogo ili uandishi umalizike hata kuranti ikikatika ghafla, na nyingi kati ya kapasita hizo ni za tantali, ile inayotoka kwenye koltani kama ya kwetu kule Kivu. Hizi zinazouzwa kwa watu wa kawaida kwa kawaida hazina. Kwa hiyo tuliondoa taa za rangi ambazo mdogo wangu alizitaka sana, tukanunua onduleri.

Jumamosi tuliifunga kwa ile skurubu ndogo ambayo kila mtu anaipoteza (sisi tuliipoteza, tukaikuta kwenye ndala ya mdogo wangu). Kabla ya kuweka mchezo wowote, tuliwasha kwa diski ya zamani na kuendesha H2testw, programu ya bure inayojaza diski yote kisha kusoma kila kilichoandikwa. Windows ilionyesha GB 931, mdogo wangu akaruka: "Bametuiba!" Hapana, ni hesabu tu, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Kuranti ikakatika tukiwa kati. Onduleri ikalia, tukazima taratibu, tukangoja, tukaanza upya.

Ilipita saa nane usiku ilipomaliza. Hakuna kosa hata moja. Nilidhani atakimbilia kuweka GTA, vijana walikuwa wameahidiwa Jumapili mchana. Akabaki anaangalia kioo.

"Yaya, mama naye tumurekodi."

Anakuja wiki ijayo. Nakala ya pili itakaa kwa dada yetu, Kampemba.